Tawasifu na Usomaji Wetu: Maungamo ya Mwalimu wa Fasihi

Naomba nianze kwa kuungama jambo ambalo mwalimu wa fasihi hapaswi kulisema mbele ya wanafunzi wake. Kwa muda wa miaka kama saba hivi nilikuwa sisomi. Sina maana kwamba sikufungua vitabu. Nilivifungua kila siku: riwaya teule za mwaka wa kwanza, tamthilia za mwaka wa pili, tasnifu za wanafunzi, miswada ya makala ya wenzangu. Lakini kila nilipofungua kitabu nilikuwa na kalamu mkononi, na kila ukurasa niliuuliza swali lile lile: hapa patatoka swali gani la mtihani? Riwaya ambayo nilipokuwa mwanafunzi niliisoma usiku kucha hadi adhana ya alfajiri, sasa niliipitia kwa saa mbili tu ili nikumbuke majina ya wahusika kabla ya kuingia darasani.

Jambo hili lilinidhihirikia siku tulipohamishwa ofisi. Nilipokuwa nikipanga vitabu katika maboksi, nilijaribu kutenga vile nilivyovisoma kwa hiari yangu tangu nilipomaliza shahada ya uzamili. Nilitumia boksi dogo, lile linalokuja na karatasi za kurudufia. Halikujaa. Mwenzangu mmoja alinicheka. Nilipomwuliza la kwake lingekuwa na vingapi, akaacha kucheka.

Makala haya yanahusu vitabu vichache vilivyonirudisha kwenye usomaji, na yanajaribu kueleza kwa nini karibu vyote ni vya jamii moja: vitabu ambamo mtu anasema "mimi" na kusimulia yaliyompata. Aidha, yana ombi kwa idara, ambalo nitalifikia mwishoni.

Kwanza nitoe lawama, na lawama yenyewe ianze kwangu. Sote tunajua jinsi tunavyofundisha fasihi. Kuna fani na kuna maudhui. Chini ya maudhui kuna dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo. Chini ya fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Sisemi kwamba utaratibu huu ni mbaya. Mwanafunzi wetu wa hapa Uganda, ambaye aghalabu Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne, anahitaji ngazi ya kupandia, na ngazi hii imewapandisha wengi, nami nikiwa mmoja wao. Tatizo ni kwamba siku hizi ngazi imekuwa ndiyo nyumba. Mwanafunzi ananunua mwongozo mjini, anakariri dhamira tano na tamathali sita, anafaulu, na riwaya yenyewe hajaigusa. Niliwahi kusahihisha karatasi ambayo mwandishi wake alimwua mhusika ambaye katika kitabu anabaki hai hadi ukurasa wa mwisho. Alipata alama kumi na nne kati ya ishirini, na mimi ndiye niliyempa, kwa sababu hoja zake zote zilikuwamo katika mwongozo wangu wa kusahihishia.

Sasa nisimulie safari. Nilikuwa naenda Masaka kwa mazishi ya mjomba wangu. Teksi yetu, ile ambayo wenzetu wa Dar es Salaam huiita daladala, ilikwama katika foleni kabla hata hatujatoka Kampala. Mkobani mwangu mlikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kilikuwamo kwa bahati: *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert, nilichoazima kwa ajili ya kuhakiki tarehe fulani. Kalamu nilikuwa nimeiacha katika koti jingine. Basi nikasoma bila kalamu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana.

Shaaban Robert tunamfundisha kila mwaka. Tunamfundisha kama mtunzi wa *Kusadikika* na *Kufikirika*, na picha yake imetundikwa katika korido yetu akiwa amevaa kofia, mtulivu kama mnara. Kwa wanafunzi wangu yeye ni jengo. Katika *Maisha Yangu*, kitabu ambacho kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949, jengo linageuka karani. Mtu aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akaajiriwa katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni, akahamishwa huku na huko kwa amri ya wakubwa ambao hawakuwa na haja ya kujua kwamba karani wao ni mshairi. Mtu huyu anaoa. Mkewe Amina anafariki. Anabaki na watoto na kazi na majonzi, na anamlilia mkewe kwa shairi ambalo tangu hapo limesomwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki, aghalabu likiwa limekatwa kutoka katika kitabu hiki na kupachikwa katika diwani, kana kwamba lilijitunga lenyewe.

Niliposoma shairi lile likiwa mahali pake, baada ya maelezo ya ndoa na kabla ya safari za kazini, nilielewa kwamba miaka yote nilikuwa nikilifundisha vibaya. Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi idadi ya mizani. Mizani zimo, na zinahesabika. Lakini mtu aliyefiwa akihesabu silabi zake sawasawa mstari baada ya mstari, kuhesabu kwenyewe ni sehemu ya msiba. Ni kama mtu anayepanga viti msibani kwa sababu mikono yake haiwezi kukaa bure. Hilo sikuliona katika diwani, wala mwongozo wowote haukunionyesha.

Hapa yanipasa nieleze kwa nini kitabu cha karani wa Tanga kilinigusa kuliko ambavyo kingemgusa msomaji wa Tanga. Nilizaliwa Masaka mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya mji huo kubomolewa katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Amin ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973. Kwa watu wa rika la mama yangu, tangazo hilo halikuwa na maana ya shairi wala hadithi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Kilikuwa na maneno machache tu: simama, toa, lala chini. Serikali zilibadilika, askari wakabadilika, maneno hayo yakabaki. Nilipomwambia mama kwamba nimechagua kusoma Kiswahili chuoni, aliniuliza kwa Kiganda swali moja tu: unataka kumtisha nani?

Nilikwenda Dar es Salaam, nikasoma, nikarudi na shahada yangu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumjibu mama. Nilikuwa na majibu ya kitaalamu. Kiswahili ni lugha ya kikanda, mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa na kukipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, kina soko. Yote haya ni kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemshawishi mwanamke aliyelala chini kando ya barabara kwa amri ya lugha hiyo.

Usiku ule wa matanga, tulipokuwa tumeketi nje, nilimsimulia kwa Kiganda habari za karani aliyefiwa na mkewe. Sikumtafsiria shairi, maana sina uwezo huo. Nilimweleza tu jinsi mtu yule alivyoandika. Mama akauliza, "Na hayo yote ameyasema kwa Kiswahili?" Nikamjibu ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza watoto walibaki na nani.

Sitaki kukisifu kitabu hiki kupita kiasi, maana baadaye nilikisoma tena, safari hii nikiwa na akili ya mhakiki, na dosari zake zipo. Shaaban Robert anatunyima utoto wake karibu wote. Mtu mzima anatutokea mlangoni akiwa tayari amevaa koti la kazi. Kila huzuni inapotaka kuzidi, mwandishi anakimbilia mawaidha. Utenzi wa Hati, alioutunga kwa ajili ya binti yake na ambao umo katika kitabu hiki, ni mzuri kwa sauti na kwa upole, lakini wanafunzi wangu wa kike hawakubaliani nao hata kidogo linapokuja suala la mke na mumewe, nami siwalaumu. Kuna kurasa ambamo mtu anatoweka kabisa na kubaki mwalimu wa maadili. Nadhani alijificha kwa makusudi. Mwafrika aliyeandika chini ya ukoloni, akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, alijua ni nani mwingine atakayesoma.

Ndiyo maana ninamshauri kila anayesoma *Maisha Yangu* asome sambamba na *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Ni barua kwa ndugu yake, Yusuf Ulenge, ambaye alizihifadhi. Katika tawasifu, Shaaban Robert anazungumza na umma na vizazi vijavyo. Katika barua anazungumza na ndugu. Lugha ni ile ile, adabu ni ile ile, lakini sauti imeshuka. Mwanafunzi akiviweka vitabu hivi viwili mezani, hahitaji mhadhara wangu wa saa mbili juu ya "hadhira na uteuzi wa lugha". Anaiona mwenyewe.

Baada ya safari ile nilifanya jambo ambalo halikuwamo katika mtaala. Niliwagawia wanafunzi wa mwaka wa pili kurasa kumi na mbili za tawasifu nyingine, kongwe zaidi, bila swali hata moja chini yake. Walinitazama kwa mashaka. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, hizi zitatoka kwenye jaribio?" Nikasema hazitatoka. Akazitazama tena kama mtu aliyepewa chenji kupita kiasi.

Zilikuwa kurasa za *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa Maneno Yake Mwenyewe*. Wengi wetu tunamjua Tippu Tip kama jina katika vitabu vya historia: mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitawala sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, na ambaye mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Wachache wanajua kwamba aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Aliyaandika uzeeni, kwa hati ya Kiarabu, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyaweka katika hati ya Kirumi na kuyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Mwandishi alifariki Unguja mwaka 1905. Mwishoni mwa miaka ya 1950, W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo mojawapo ya tawasifu za kwanza za Kiswahili kuchapishwa ni kitabu cha mtu ambaye hakuna mwalimu angependa kumweka mbele ya darasa kama mfano mwema. Hilo peke yake ni somo.

Kwa mtindo, ni kitabu kikavu. Anaanza na safari zake za karibu za biashara ya sandarusi alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kutoka hapo ni mwendo, mzigo, bei, deni, vita, mwendo. Hakuna machweo ya jua. Hakuna mlima unaosifiwa. Pembe zinahesabiwa kwa frasila. Nilidhani wanafunzi watachoka baada ya ukurasa wa tatu. Hawakuchoka, na sababu waliipata wao: walikuwa wakishughulika na mtu ambaye hawakujua kama wamwamini.

Mjadala uliwaka tulipofika kisa cha Kasongo Rushie, mtemi mzee wa Utetera. Tippu Tip alikuwa amesikia kwamba zamani mtemi huyo alipotelewa na ndugu zake wa kike waliotekwa vitani. Akajitokeza na kudai kuwa yeye ni wa uzao wa mmoja wao. Mzee akampokea kama damu yake na kumkabidhi utawala. Wengi waliokisoma kisa hiki wameona ni hila tupu. Mwandishi anakisimulia kwa utulivu ule ule anaohesabia pembe.

"Mwalimu, sasa tumwamini wapi na tusimwamini wapi?" aliuliza binti mmoja aliyeketi nyuma, ambaye tangu mwaka wa kwanza sikuwahi kuisikia sauti yake.

Sikuwa na jibu la mwongozo. Tukaanza kulitafuta. Mmoja alisema mtu anayeungama hila yake moja huenda anasema kweli mahali pengine. Mwingine akasema la, mtu wa namna hiyo anaungama ile hila anayojivunia na kuficha zile za aibu. Wa tatu akauliza mbona mabega yaliyobeba pembe zile hayasemi neno. Kwa maana hilo ndilo shimo kubwa la kitabu kile: tunajua uzito wa meno ya tembo, lakini waliokuwa chini ya mizigo hatuwasikii. Tulipomaliza kipindi nilitambua kwamba katika saa moja tumejadili msimulizi, uaminifu wake, ukimya, itikadi na hadhira, na hakuna aliyetaja neno "maudhui".

Kijana mmoja kutoka Pakwach alinifuata hadi ofisini. Alikuwa amekutana na habari kwamba Tippu Tip aliahidi wapagazi kwa Stanley katika ule msafara wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, na kwamba kituo cha Emin kilikuwa Wadelai. "Mwalimu, Wadelai ni kwetu," alisema. Nikamwongezea kwamba wengi wa askari wa Kisudani waliobaki nyuma ya Emin walichukuliwa na Lugard mwaka 1891, na kwamba kutoka kwao ndipo ilipotokea sehemu kubwa ya jamii ya Wanubi wa Uganda. Alikaa nusu saa. Aliondoka na kitabu kizima chini ya kwapa, kitabu cha Kiswahili ambacho hakuna aliyemlazimisha kukisoma.

Nimejiuliza sana kwa nini vitabu hivi vinafanya kazi pale ambapo riwaya, ambazo kwa kweli ni bora zaidi kisanaa, zimeshindwa. Jibu langu ni hili. Msomaji wa riwaya anatakiwa aukubali ulimwengu mzima kabla ya kuanza: mandhari ya pwani, majina ya pepo na majahazi, adabu za baraza, utani wa makabila. Kwa kijana wa Kabale au Soroti huo ni mzigo wa kwanza kabla ya mzigo wa lugha. Msomaji wa tawasifu anatakiwa ajue jambo moja tu, nalo kila mtu analijua: jinsi ya kumsikiliza mtu mwingine anapojieleza, na kupima kama anasema kweli. Hilo tumelifanya tangu utotoni, kwa mashangazi, kwa majirani, kwa mashahidi wa kesi za mashamba. Mwanafunzi wetu ni mgeni katika Kiswahili lakini si mgeni katika kazi hiyo. Anaingia akiwa na ustadi wake mkononi.

Kuna atakayesema kwamba basi nawapendekezea wanafunzi kitu chepesi. Asome kwanza safari ya Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia katika miaka ya 1890, akaandika habari zake kwa Kiswahili. Carl Velten alizichapisha mwaka 1901 katika mkusanyo wa safari za Waswahili. Hapa Kiswahili kinatakiwa kieleze baridi ambayo hakikuwahi kukutana nayo, na watu, vyakula na nyumba ambazo hakikuwa na majina yake. Kazi hiyo si nyepesi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wanaolalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea maisha yetu ya hapa kwamba kiliwahi kupelekwa Siberia, nacho hakikunyamaza.

Upande wa vitabu vya karibuni, viwili vinanitosha kwa leo. *Mbali na Nyumbani* cha Adam Shafi (2013) kinasimulia safari ya ujana wake, alipotoka Unguja akitamani kufika Ulaya kwa njia ya nchi kavu na kupitia nchi kadhaa, Uganda na Sudan zikiwamo. Madukani kinauzwa kama riwaya. Watafiti kadhaa wanakichambua kama tawasifu. Nami sioni haja ya kugombana. Ninachojua ni kwamba hicho ndicho ningempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sentensi za Adam Shafi zinatembea, na kijana asiye na fedha wala hati za kutosha mpakani hahitaji kufafanuliwa kwa wasomaji wa ukanda huu.

*Nasikia Sauti ya Mama* cha Ken Walibora (2014) nakipenda kwa sababu nyingine na kina matatizo mengine. Walibora, ambaye jina lake la awali lilikuwa Waliaula na ambaye alifariki Nairobi Aprili 2020, hakuwa mtu wa kupita karibu na neno adimu bila kuliokota. Wanafunzi wangu wanakisoma kamusi ikiwa pembeni, na mara nyingine mimi pia. Kuna mahali ambapo pambo linamzuia msomaji kuifikia huzuni. Hata hivyo, huyu ni mtoto wa magharibi mwa Kenya, aliyekulia mbali na bahari kama sisi, ambaye hakuzaliwa na Kiswahili mdomoni, na anakitumia kumkumbuka mama yake. Kwa darasa la Uganda hoja hiyo haina mfano. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza kama mtu wa bara anaweza kuwa mwandishi wa Kiswahili wa kweli. Siku hizi simjibu, namwazima kitabu.

Kuhusu insha nafsi nitasema kwa ukali kidogo. Neno "insha" tumelitia doa. Shaaban Robert alitoa *Kielezo cha Insha* mwaka 1954, na ingawa zile ni insha za mawazo na maadili kuliko za mambo ya nafsi yake, zilikuwa za mtu mzima akifikiri kwa sauti. Shuleni, insha imekuwa sanaa ya kusema uongo kwa kanuni. Wanafunzi wanaofika kwetu mwaka wa kwanza wamefundishwa kwamba insha lazima ianze na jogoo kuwika, iwe na methali tatu, na iishe kwa funzo. Mwaka jana niliwaomba wasichana na wavulana thelathini na wanne waandike kuhusu siku moja ya likizo yao. Ishirini na mmoja walishuhudia ajali ya barabarani. Sikuamini kwamba barabara zetu ni mbaya kiasi hicho. Nilizirudisha zote bila alama, nikawasomea kurasa mbili za Salim bin Abakari, nikawaambia waandike kuhusu chakula walichokula jana na nani alikipika. Zilizokuja zilikuwa na makosa tele ya upatanisho wa kisarufi. Lakini kijana mmoja aliandika kwamba jana alipika mwenyewe, kwa mara ya kwanza, kwa sababu dada yake ameolewa, na kwamba maharage yaliungua na baba akayala bila kusema neno. Nilisoma karatasi ile mara mbili, na mara ya pili kalamu ilikuwa mezani.

Nifike kwenye ombi. Katika mapitio ya mtaala yanayoendelea, imependekezwa kwamba moduli ndogo ya tawasifu na insha, ambayo tumeifundisha kwa mihula mitatu tu, iondolewe ili kutoa nafasi kwa moduli ya pili ya nadharia za uhakiki. Sababu iliyotolewa ni kwamba tawasifu "haina uzito wa kinadharia". Naheshimu maoni ya wenzangu walioipendekeza, na ninajua kwamba mwanafunzi anayetaka shahada ya juu lazima azijue nadharia. Ila nauliza: nadharia hizo atazitumia kuhakiki nini, ikiwa atamaliza miaka mitatu bila kumaliza kitabu kimoja? Tunaweza kupunguza saa, tukaacha mtihani wa mwisho na kuweka daftari la usomaji. Hata kuihamishia mwaka wa kwanza, ambapo nadhani ndipo pangefaa zaidi, nakubali. Tusiifute. Kikao cha idara kitakapokutana nitasema haya kwa mdomo, na nimeona vyema niyaandike hapa kwanza ili wanafunzi nao wapate kusema yao.

Wakati huo huo, wale wanaopenda wanakaribishwa. Alhamisi, saa kumi jioni, katika chumba cha semina, tunasoma kwa sauti, kwa zamu, kurasa chache za *Mbali na Nyumbani*. Hakuna mahudhurio yanayoandikwa. Wahadhiri wa idara nyingine walikuja mara mbili na hawakutusumbua. Vitabu nilivyovitaja viko katika kabati la kijivu ofisini, isipokuwa Tippu Tip, ambaye nakala yake moja ya kurudufu inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Ufunguo wa kabati uko kwa katibu muhtasi wa idara. Atakayeazima aandike jina lake na tarehe katika daftari, maana nakala ya *Barua* iliazimwa Machi na haijarudi, na jina lililoandikwa pale ni "mwanafunzi".